Filamu ya Harusi Imetoka Tupu, Namshuku Mke Wangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo wazee wa pande zote mbili wanakaa kikao Rubya kwa baba mkwe, na mimi nimeapa kusema mbele yao kwamba binti yao ni mchawi.

Mimi ni mpiga picha hapa Buhembe, na mwezi uliopita nilipiga harusi ya Klaudia, mdogo wake mke wangu Jovita, aliyeolewa Izimbya, na kamera yangu ni ile ya filamu pana, picha kumi na mbili tu, nikazipiga zote kwa uangalifu, bibi harusi, wazee wakitafuna kahawa, bibi yao kikongwe ambaye hajapata kupigwa picha maishani, na wakati wa kurudi Jovita ndiye aliyepakata kamera ndani ya lori, mimi nimekaa nyuma na wanaume siioni mikono yake, na nilipoosha filamu ikatoka tupu, angavu kama kioo cha dirisha, hakuna bibi harusi, hakuna kikongwe, hata zile namba ndogo na jina la kiwanda ambavyo huwa pembeni havipo, vimefutwa, na nani awezaye kufuta maandishi ya kiwandani isipokuwa mtu mwenye dawa zake?

Usidhani mimi ni mzembe. Chumba changu cha giza kina kufuli, na ufunguo nauvaa shingoni hata nikioga. Datius, kaka yake Jovita, hututembelea mara nyingi mno, nikahisi anataka kuniibia ujuzi, nikabandua majina kwenye chupa za dawa nikafunga kamba za mgomba, fundo moja dawa ya kutokeza picha, mafundo mawili dawa ya kukazia, na nimefanya kazi hivyo miaka miwili, lakini siku tatu kabla ya harusi nikamkuta mlangoni anachungulia, nina hakika alikuwa anahesabu mafundo, basi nikayageuza siku ile ile, la moja likawa mawili na mawili yakawa moja. Mtu aliyejilinda hivyo ataharibiwaje kazi kama si kwa uchawi? Nilipomwuliza Jovita alifanya nini na kamera, alijibu, "Waitu, mume wangu, niliishika isianguke." Jibu fupi namna hiyo lina siri. Nimemrudisha kwao na mtoto. Niambie niseme nini ili wazee waniamini.

Ni mimi, Rwegasira.

Rwegasira, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Pole kwa kazi iliyopotea. Harusi hairudiwi kwa ajili ya picha, na kusimama mikono mitupu mbele ya wakwe ni aibu. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Mimi si mtu wa kamera, kwa hiyo nilimsomea barua yako Ta Protase, mzee anayepiga picha mjini hapa tangu kabla ya vita. Alinikatiza.

"Namba za pembeni hazipo? Basi kamera haina kosa. Mwanga huitia filamu weusi. Mkewe angeifungua njiani, ingetoka nyeusi kama chungu. Na kama huyo bwana angesahau kifuniko kwenye lenzi, picha zisingekuwepo, lakini namba zingetokea, maana zilitiwa kiwandani kwa mwanga, nazo hungoja dawa ya kutokeza kama picha zenyewe. Zikikosekana nazo, basi dawa ya kukazia imeitangulia ile ya kutokeza. Hiyo ikitangulia inakula kila kitu."

Sasa nikuulize. Nani aliingia katika chumba chenye kufuli? Nani aliyabandua majina? Nani aliyageuza mafundo, kisha gizani vidole vyake vikafuata mazoea ya miaka miwili? Mchimba kisima huingia mwenyewe, bwana, na wewe ulikichimba kwa ajili ya shemeji yako.

Usituamini mimi na Ta Protase. Kata kipande cha filamu isiyooshwa, kilichokwisha kuona jua, kigawe mara mbili, utumbukize kimoja kimoja katika kila chupa, mchana, mlango ukiwa wazi. Chupa itakayokitia weusi ni ya kutokeza. Itakayokiacha kitupu ni ya kukazia. Andika majina kwa wino uyabandike, na Datius akitaka kuyasoma mwache ayasome. Afadhali umfundishe, upate mtu wa kukuambia, "Shemeji, umeshika chupa siyo."

Kikao cha wazee usikiahirishe. Jumamosi fika Rubya mapema ukiwa na pombe ya rubisi, na ukipewa nafasi ya kusema, eleza ulichokifanya kwenye zile chupa bila kupunguza neno. Hilo neno "mchawi" lisikutoke kabisa. Likisikika mara moja mbele ya ukoo, litamfuata Jovita sokoni na kanisani, na mwanao ataitwa mtoto wa mchawi mpaka azeeke, na wewe hutakuwa na uwezo wa kulirudisha.

Kisha omba kuzungumza na mkeo. Akikataa kurudi Buhembe siku hiyo, usimshurutishe. Akikuuliza kwa nini ulimdhania mabaya, usianze kumweleza habari za dawa na mafundo. Mwambie hukumwamini, unyamaze, umsikilize mpaka amalize.