Matone Juu ya Kabati

Kaka mpendwa,

Huku hatujambo, ila bomba la jikoni linavuja tena. Mwanao ananyonya vizuri, na mmefanana hadi masikio.

Nilitaka kukuficha, lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Juma lililopita mtoto alishikwa na degedege akiwa kifuani kwa mkeo. Hospitali walimtundikia dripu ya kalsiamu, akatulia. Daktari akauliza, "Matone ya vitamini D mlimpa?"

Wifi akamtazama mama. Tulipewa kliniki, lakini mama ndiye aliyeyaweka juu ya kabati, akisema maziwa ya mama yanatosha.

"Yanatosha kwa mengi," daktari akasema taratibu, "lakini vitamini hiyo humo ni haba, na bila hiyo kalsiamu haiingii mwilini vizuri."

Sasa wifi amehamia kwao na mtoto. Hakugomba, alikunja nepi, akaaga. Jana mama alinikabidhi kofia aliyomfumia mjukuu. "Mpelekee, ila usiseme ni yangu."

Wifi aliutambua mkono wa mama, akamvika mtoto, akalia. Hakusema atarudi lini.

Mpigie yeye kwanza. Ukimpigia mama, usimgombeze. Ameshajigombeza vya kutosha.

Dada yako akupendaye