Omugenyi wa Chini ya Kitanda

Dodoma

Mdogo wangu Editha,

Mnaendeleaje hapo Ndama? Baba na mama wapelekee shikamoo yangu, na unijulishe kama kifua cha mama kimetulia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imechafuka.

Unaijua ile kompyuta yangu kuukuu, ninayoiweka chini ya kitanda. Nilikuwa naiacha ikiwaka mchana na usiku, ihakiki miamala ya bitcoin pamoja na kompyuta nyingine zilizotapakaa duniani. Hainiingizii hata senti, najifunza tu kazi ya mitandao. Mchumba wako Filbert wa Kibingo, ninayeishi naye chumba kimoja, ndiye aliyeibatiza Omugenyi, yaani mgeni kwa Kinyambo chetu, maana inakula umeme na intaneti wala haiagi. Kwa kuwa yeye ni fundi wa kampuni ya intaneti, nikamuuliza: hawa wa kampuni yenu, wasioruhusu kazi hiyo kwenye laini za nyumbani, wanaweza kuiona? Akasema, "Shemeji, lala usingizi. Mimi si nimo humo ndani?"

Juzi kampuni yao ikakata intaneti ya nyumba nzima kwa sababu yake. Mama mwenye nyumba kaniambia nihame. Nikajilaumu, kwa sababu kuona wanaweza: hata wasiposoma kilichomo, laini inayotuma data kutwa kucha kwa kompyuta za nchi za watu inajisema yenyewe. Nikaenda ofisini kwao kuomba radhi. Bwana wa pale, mtu wa Tanga, akacheka: "Basi huyo Omugeni wenu wa chini ya kitanda mumuage."

Editha, waya haujui Kinyambo. Wala haujui kitanda changu kina nini chini.

Nikauliza kaambiwa na nani. Akajibu bila wasiwasi: "Fundi wetu, wa kwenu huko Kibingo, kwa hilo tumempandisha cheo." Jioni nikamkabili Filbert. Alikuwa anamenya ndizi alizotutumia mama. Hakukana. "Kazi ni kazi, shemeji," akaendelea kumenya. Nimeumia sana. Angeniambia niizime, ningeizima palepale. Mtu nakula naye sahani moja, ananichoma kisu cha mgongo.

Msalimie bibi, shangazi wa Igurwa na mzee wetu wa kanisa. Mama yake Filbert naye msalimie, yeye hajanikosea.

Wazee wao wanakuja kujitambulisha kahawa ikishavunwa. Baba aliponiuliza habari za kijana huyu, nilimwambia namjua, nasimama naye. Mwambie neno langu nimelirudisha. Lako bado unalo.

Ni mimi kaka yako, natafuta chumba,
Deusi