Kwa Nini Sitakuja Septemba

Kituo cha Afya,
Chumba cha Daktari,
Jumapili alasiri, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, goti limetulia, na presha umeipima wewe mwenyewe bila kungoja nikupigie kelele kwenye simu. Vidonge vya asubuhi unameza? Usinijibu "ndiyo" ya kunifurahisha, nakujua.

Huku Baba ni mzima. Anasikiliza redio kwa sauti kubwa mpaka majirani hawana haja ya kufungua za kwao. Masikio ndiyo yamechoka kidogo, lakini ukimtaja wewe anasikia vizuri sana, na anasema bado hujamrudishia mwavuli wake. Mimi nami mwili hauna neno.

Najua kuna jambo moja tu unalolisubiri, basi nalitoa mapema lisije likanikaba. Sitakuja Septemba. Ile nafasi ya masomo huko kwenu, ile uliyoipigia vigelegele mpaka sikio likaniwasha, itachukuliwa na mtu mwingine. Usikunje uso. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka tulikuwa madaktari watatu hapa. Wa kwanza alihamia hospitali kubwa. Wa pili alikwenda ng'ambo, akatutumia picha amevaa koti zito, anacheka. Nikabaki mimi na muuguzi mmoja, mama wa makamo tunayemwita Sajini kwa jinsi anavyoipanga foleni. Siku nyepesi naona watu hamsini na tano. Siku nzito sihesabu.

Mwezi wa pili alikuja mtafiti wa chuo kikuu, dada mwembamba mwenye sauti ya upole, saa ya kupimia muda inaning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Alikuwa anachunguza mambo mawili: watu wanapata matibabu ya namna gani kwenye vituo vidogo kama chetu, na upungufu wa madaktari unawaathiri vipi. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya chumba changu wiki tatu nzima, anatazama na kuandika.

Kabla hajafika, mkuu wetu wa idara alinipigia simu. "Daktari, usituvue nguo mbele ya wageni." Nikaitikia vizuri, kisha nikafanya nilivyotaka. Nilimfungulia yule dada makabati yote, madaftari yote, hata boksi la dawa zilizokwisha muda. Nilikuwa na mpango wangu, Mama Mdogo. Nilijiambia, ukweli huu ukiandikwa na watu wa chuo, wataleta madaktari, nami nitaachiwa niende nikasome.

Saa yake ilinipa dakika nne na sekunde kumi kwa kila mgonjwa. Hizo ni pamoja na karibu, keti, na hebu funga mlango.

Wiki ya mwisho, mchana mmoja, aliniwekea mezani karatasi tano za mgonjwa mmoja. Sehemu ya juu, penye jina, alikuwa ameifunika kwa bahasha. Akaniuliza, "Huyu ungemfanyia nini?" Nikapitisha macho. Ndani ya miezi saba uzito ulitoka kilo sabini na moja, ukaja sitini na nane, sitini na tano, sitini na moja, hamsini na nane. Anachoka. Ana kiu. Anaamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Kila safari kaandikiwa vitamini na dawa ya maumivu.

Nikacheka. Nikamwambia huyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angempima sukari. "Nani alikuwa anamtibu?"

Aliiondoa bahasha taratibu. Nikaona mwandiko wangu, Mama Mdogo. Karatasi zote tano ni mwandiko wangu.

"Natakiwa kukaa kimya na kuandika tu," akasema. "Lakini kwa huyu nimeshindwa."

Mgonjwa huyo alikuwa fundi cherehani wa barabara ya posta, mama anayenishonea hata makoti yangu ya kazi. Niliiacha foleni nikatoka na koti langu jeupe, karibu nikimbie. Watu wakadhani kuna moto. Nilimkuta kwenye kibaraza cha duka lake anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Daktari! Umeleta nguo?"

"Nimekuja kukuona wewe."

"Mbona unaniona kila siku?"

Alisema kwa utani tu, hakukusudia kunichoma. Nilipokifungua kile kitambaa nilijua kwa harufu kabla ya kutazama. Aliumia kwenye kikanyagio wiki nyingi nyuma na hakusikia maumivu, akaona ni kidonda cha kupona chenyewe. Kipimo cha sukari nilichokibeba mfukoni kilikataa hata kutoa namba, kikaandika tu kwamba iko juu. Jioni hiyo hiyo alipelekwa hospitali kubwa. Wakamkata vidole viwili vya mguu.

Amepona, namshukuru Mungu. Mwezi wa tano alirudi kituoni anachechemea kwenye ndala pana. Nilimwambia Sajini afunge mlango, nikamweleza yule mama yote: kwamba dalili zilikuwa wazi, kwamba nilizisikia mara tano, kwamba kosa ni langu na ana haki ya kunishtaki. Nilitegemea anitukane. Afadhali angenitukana.

Yeye akasema, "Nilikuwa nakuona umechoka. Ndiyo maana kila nikija nilikuwa nasema machache, nisikuongezee."

Nimeandika sentensi hiyo hapo juu na imebidi niinuke, nizunguke chumba, nirudi. Watu wanaficha ugonjwa wao kwa kunihurumia mimi. Ni wangapi? Siku hizi kabla mgonjwa hajafungua mdomo nageuza kwanza karatasi zake za nyuma. Dakika zimefika sita. Foleni imetoka nje ya geti na watu wananung'unika, kuna mzee mmoja ameshaniambia kwamba zamani nilikuwa daktari mzuri.

Yule mama naye kaapa hatibiwi na mwingine. Nikimwambia kwamba huenda nikaondoka, anacheka tu, kama mtu anayesikia kwamba posta itaondoka.

Ripoti ya chuo ilikuja wiki tatu zilizopita. Ni ya haki, sina la kuilaumu. Imesema wazi kituo chetu kinahitaji madaktari wengine watatu, na kwamba mgonjwa hupata nafuu zaidi akitibiwa na daktari anayemjua, mradi daktari huyo awe na muda. Nikaishika mkononi pamoja na barua yangu ya kuomba ruhusa ya masomo, nikaenda kwa mkuu wa idara nikitembea kama mshindi.

Yeye alikuwa ameshaisoma. Alikuwa amepigia mstari sehemu moja tu, ile ya daktari anayejulikana na wagonjwa wake.

"Umeona?" akaniambia. "Wamethibitisha wenyewe. Wewe ukiondoka, kituo kimekufa. Mimi nitaitia saini vipi karatasi ya kukiua kituo?"

"Na hao madaktari watatu?"

"Hilo linashughulikiwa."

Si mtu mbaya, Mama Mdogo. Ningependa awe mbaya, ningepata pa kupumulia. Nyuma ya kiti chake kuna ubao wenye orodha ya vituo, na vituo saba havina daktari hata mmoja. Ananionyesha ubao ule macho yamemwiva. Mimi nilidhani ukweli ni ufunguo. Nimeutoa wote, kwa mikono yangu, na ndio walioutumia kufunga mlango nikiwa ndani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia hata Baba.

Siku chache baada ya hapo, Sajini aliniletea fomu yake. Mume wake anafanya kazi mbali, mwaka wa sita huu, na hatimaye imepatikana nafasi ya muuguzi huko aliko. Kilichobaki ni saini ya msimamizi wa kituo. Msimamizi wa kituo ni mimi.

Nilimpongeza. Nikaiweka fomu kwenye droo, chini ya maboksi ya glavu, nikafunga kwa ufunguo. Alipouliza mara ya kwanza nikasema sijapata nafasi ya kuisoma. Fomu ya ukurasa mmoja! Alipouliza mara ya pili nikamwambia, "Vuta subira, tusubiri apatikane mwingine." Nilijisikia kabisa. Ilikuwa sauti ya mkuu wa idara ikitokea kinywani mwangu. Ungedhani hapo ningeona haya nikaitoa. Sikuitoa. Nilikaa nayo siku nne zaidi, nikijipa sababu: chanjo za watoto, wajawazito, foleni. Zote ni sababu za kweli, na ndiyo ubaya wake.

Alhamisi, watu walipokwisha, aliingia akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kukikalia.

"Daktari, nipime presha."

Nikampima. Ilikuwa juu, juu ya kutisha. Nikamuuliza, kama ninavyomuuliza kila mtu, "Imeanza lini?"

"Tangu uifungie karatasi yangu."

Hakupandisha sauti. Nilifungua droo, nikatoa fomu, nikaisaini juu ya mkanda wa kipimo cha presha uliokuwa bado mezani, ndiyo maana saini yangu imepinda. Nikamwandikia na dawa. Yeye akalia, mimi nikaosha vipima joto ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Anaondoka mwisho wa mwezi huu. Hakuna wa kushika nafasi yake. Usiniambie nivumilie, na usiniambie nitoroke. Yote mawili nimeshajiambia. Nitaomba tena mwakani, lakini sitaki uendelee kuwaambia watu kanisani kwamba naja.

Ijumaa asubuhi Sajini alianza kunifundisha kazi zake: friji ya chanjo, funguo za stoo, jinsi ya kuandika namba za foleni. Mwishowe akanisimamisha mlangoni nimwite mgonjwa wa kwanza. Nikaita namba moja. Watu walikuwa wamejaa benchi zote, wanaongea, hakuna aliyegeuka. Nikaita tena. Hakuna.

"Sivyo hivyo, Daktari," akasema nyuma yangu. "Unaita kama mtu anayeaga. Ita kama mtu asiyekwenda popote."

Nikavuta pumzi, nikaita. Wakanyamaza wote, na namba moja akainuka.

Nisalimie Baba Mdogo, umwambie apunguze chumvi, ni amri ya daktari. Binamu yangu mpenda mpira mpe pole kwa msimu huu. Shangazi naye mpe salamu zangu, pamoja na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akupe usingizi mzuri na magoti ya msichana.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nisipofika,

Chiriku