Papa, Nimeitoa Elisi Yako

Papa,

Nakuandikia nikiwa bado na grisi vidoleni, kwa hiyo usishangae karatasi ikiwa chafu. Leo ni siku ya nne tangu tukuzike hapa Lweba. Nimeitoa elisi yako. Ile ya kumi na tatu, yenye mapanga matatu ya kusukuma maji uliyokuwa unayang'arisha kwa kitambaa kila Jumamosi, nimeifungua kwenye mota ya boti na mahali pake nimefunga ile ya kumi. Najua ungenivuta sikio. Sijutii hata kidogo.

Baba mdogo Wilondja amekasirika mpaka hali na sisi. Alinikuta nimepiga magoti majini na spana mkononi, akasema, "We mutoto mwanamuke, matanga haiyaisha, unafungua mota ya marehemu?" Najua kwetu vitu vya marehemu havibadilishwi mpaka matanga yaishe. Ulinifundisha mwenyewe. Lakini wenye bunduki walioingia mjini Baraka hawahesabu siku za matanga yetu. Wakifika hapa kabla hatujavuka ziwa, Mama atazikwa kando yako, na mimi sitaki. Nilimwambia Baba mdogo hivyo, kwa adabu mara ya kwanza na bila adabu mara ya pili.

Sasa nikuambie jambo ambalo hapa msibani kila mtu anaogopa kulisema. Wote wanasema umeuawa na risasi, na ni kweli. Lakini risasi ilikukuta kwa sababu mota ilizimika, na mota ilizimika kwa sababu ya elisi uliyoichagua wewe.

Boti ile tajiri wako aliinunua kwa matembezi, Papa. Yeye, mke wake na watoto wawili, kila Jumapili baada ya misa, kwenda Ubwari kuogelea na kapu moja la chakula. Kwa mzigo huo kumi na tatu ilifaa kabisa. Boti ilipaa juu ya maji, nawe kwenye usukani ukicheka peke yako, na ukishuka uliniambia, "Mbio ndiyo kila kitu, binti." Kisha vita ikaja, tajiri akakimbia na kukuachia funguo, ukaanza kuvusha watu. Mwanzoni watano, sita. Mzigo uliendelea kuongezeka, na elisi ikabaki ile ile ya Jumapili.

Na ni wewe uliyenieleza ile namba. Ulisema ni urefu wa hatua: elisi ikizunguka mara moja, inataka kusogea mbele inchi kumi na tatu. Basi niambie, nani anateremka kutoka Fizi na kapu la mihogo kichwani huku akipiga hatua ndefu? Bamama wote wa soko wanajua kufupisha hatua mzigo ukizidi. Wewe ulijua pia, ila ulikuwa na kiburi. Ile ya kumi uliiita elisi ya trekta. "Hii iko ya kubeba mihogo," ulisema, ukaiviringisha kwenye gunia na kuisukuma chini ya kitanda.

Siku ile ya risasi watu walikuwa kumi na wanne. Uliijaribu boti ikiwa tupu, kama wanavyofanya wanaume wote wa pwani hii, raundi mbili mbele ya watu, watoto wakipiga makofi. Ukaridhika. Ndipo ukatupakia. Mkia ulizama, pua ikatazama mbingu, na ule mshale wa mizunguko ukagoma kwenye elfu tatu na kitu, wakati unapaswa kugusa elfu tano. Nilikuambia, "Papa, mota inalemewa." Ukanijibu, "Itazoea."

Haikuzoea. Ilichemka, ikazima, na kilima walikokuwa wale wenye bunduki kilikuwa bado karibu. Nilikushika kichwa, Papa. Nilikishika mpaka tuliporudi hapa kwa kupiga maji kwa mbao na kwa mikono. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo. Mota ilipopoa iliwaka tena, bila kidonda chochote, na siku ile nilitamani kuipiga nyundo.

Asubuhi hii, baada ya kufunga ile ya kumi, sikuijaribu ikiwa tupu. Nilikwenda kwenye mikeka ya msiba nikawaomba bamama waingie botini, nipime na uzito wa kweli. Walitazamana, mmoja akasema nimechanganyikiwa kwa uchungu. Mama ndiye aliyeinuka. "Kama ni kilo unatafuta, anza na mi," akasema. Akaingia na kitenge chake cha msiba, wengine wakamfuata mpaka wakatimia kumi na wanne.

Tulizunguka nyuma ya matete. Mshale ulipanda taratibu, ukapita elfu nne, ukafika elfu tano, na pua ikashuka. Mota ilikuwa inapumua. Nililia huku nimeshika usukani, nikakutukana pia, kwa sauti. Mama alinisikia na hakunikemea.

Sikufichi, kumi nayo ina ubaya wake. Boti ikiwa tupu mota inakimbia bure, mshale unaingia kwenye rangi nyekundu, kwa hiyo siwezi kufungua gesi yote, yaani kuipa mota mafuta mpaka mwisho. Nikiwa na watu nitakwenda vizuri kuliko wewe. Nikirudi peke yangu nitakwenda polepole. Baba mdogo aliliona hilo upesi. "Na wale wa kilimani wakikuona ukirudi?" akaniuliza, na safari hii hakuwa na hasira. Nilimjibu kwamba wataniona. Yako, Papa, ilikuwa elisi ya kurudi. Mimi nimechagua ya kwenda.

Baba mdogo ameniomba ile ya kumi na tatu aisimamishe kaburini kwako kama ukumbusho. Nimekataa. Ulikuwa fundi mkubwa kuliko kosa lako, na sitaki wapita njia wakukumbuke kwa kosa.

Kesho kukipambazuka tunaondoka, Mama akiwa wa kwanza kupanda. Kwaheri, Papa. Nakupenda na bado nina hasira na wewe, na vyote viwili navichukua safarini. Nakuahidi Mama atafika ng'ambo mota ikiwa inawaka. Kisha nitageuza boti na kupita tena mbele ya kilima kile, peke yangu, mchana, gesi nusu, kwa sababu hapa pwani bado wamebaki watu, na nimewaambia wanisubiri.

Binti yako na fundi wako,
Riziki