Diski Haiendi Rohero

Buyenzi, 4 Novemba 2025

Dada Khadidja,

Asalaam aleykum. Nakuandikia kwa simu ikufikie leo leo. Uko aje huko Kigoma, na bwana wako, na watoto? Huku tuko wazima, alhamdulillah, ila mi roho haijatulia.

Nimevunja diski. Ile yetu ya picha za sherehe zote za hina, tangu uliponiachia kazi hii ya camera mpaka ya Houda mwezi uliopita. Unajua ordinateri ya zamani, ile kompyuta ya kazi, ilikufa, nikanunua vipande niunganishe nyingine mwenyewe. Kila kitu kiliingia vizuri. Mwisho boksi likakataa kufunga, nikalikandamiza kwa goti, kama tunavyofunga valizi ya nguo za bibi arusi. Nikasikia ta! Kifuniko kilikuwa kimebana fil, ule waya wa diski. Kale kaulimi ka plastiki ka kuchomekea kamekatika, kamebaki ndani ya fil. Kwenye diski vimebaki vinyuzi saba vya chuma, vyembamba kuliko sindano, havina pa kuegemea.

Houda anasafiri Jumamosi usiku kumufuata bwana wake Ubelgiji. Bibi yake alicheza kwenye ile hina, wiki mbili baadaye akatutoka. Picha nyingine ya yule bibi akicheza haipo duniani. Niombee.

Mudogo wako,
Asiya

Kigoma, 5 Novemba

Mudogo wangu,

Aleykum salaam. Sisi wazima, watoto wana mafua tu, wanakusalimia mama yao mudogo wa camera. Lakini we Asiya, goti? Goti kwenye ordinateri! Una akili kweli? Mama yake Houda amenipigia mara nne, sauti imemukauka kwa kulia.

Sikiliza. Shemeji Faruk, ndugu wa bwana wangu, ana atelie ya kutengeneza ordinateri huko mjini Rohero, kazi yake ndiyo hiyo. Mupelekee leo. Atatengeneza, atafungua aone kama picha ziko, basi. Nani atajua?

Dada yako,
Khadidja

Buyenzi, 5 Novemba

Dada,

Salaam tena, na pole kwa mafua ya watoto. Jibu langu ni apana.

Atafungua aone. Ulijisoma ulipoandika hayo? Wanawake wanavua vitambaa vya kichwa mbele yangu. Simu zote zinaachwa kwenye beseni mulangoni, camera inayoingia ni yangu tu, na kila mara nasimama nasema: wallahi, hizi picha hazitaonwa na mwanaume. Nikimupa Faruk, hata akiangalia dakika moja na akanyamaza maisha yake yote, kiapo changu kimekwisha. Sitaki kukukosea heshima, we ni mukubwa wangu. Lakini diski haiendi Rohero. Nimeivunja mwenyewe, nitaitengeneza mwenyewe. Muzee Pontien, fundi wa saa, ameniazima lenzi yake ya jicho, na kibano cha nyusi ninacho.

Mudogo wako,
Asiya

Kigoma, 6 Novemba

Asiya,

Hujambo. Kibano cha nyusi! Watu wanasomea kazi hiyo miaka mitatu, we unajifanya enjenia kwa kibano cha nyusi. Camera ya kwanza nilinunua mi. Jina la mulangoni mwa atelie ni langu. Nisingeolewa huku, mpaka leo ungekuwa unanishikia taa. Ukikata kinyuzi kimoja tu, umemuzika yule bibi mara ya pili.

Nimeshaongea na Faruk. Atapita kesho saa nane kuchukua diski. Mupe. Sikuombi.

Khadidja

Buyenzi, 8 Novemba

Dada yangu, maana bado ni dada yangu hata usipoandika,

Asalaam aleykum. Mafua yamepungua?

Faruk alikuja. Nilimupa chai barazani, mulango wa atelie nimeufunga kwa ufunguo. Akacheka: “Shemeji, fundi ni kama daktari, haoni kitu.” Nikamwambia basi alete daktari wa kike. Alimaliza chai akaenda zake.

Nikaketi. Kaulimi nilikaacha humo humo ndani ya fil, nikanyoosha vinyuzi kimoja kimoja kwa sindano, nikavitelezesha juu yake vyote saba. Nikawasha: kimya. Nikarudia: kimya. Nililia, sifichi. Mara ya tatu nikaona kinyuzi cha mwisho kimepinda, nikakinyoosha, folda zote zikatokea. Nikazima, nikatia tone la gundi ubavuni, nikangoja likauke, nikawasha tena. Sikuigusa meza mpaka kila kitu kilipokwisha kunakiliwa kwenye diski nyingine. Leo asubuhi Houda amekuja na mama yake. Bibi anacheza, kanga ameiuma mudomoni, kiuno kama cha mutoto wa miaka kumi na minane! Walilia huku wanacheka. Houda ameondoka na nakala yake.

Sasa na we nikuambie. Folda ya kwanza kabisa ni hina yako, 2016. Siku ile ulinipa camera, mara yangu ya kwanza kuishika. Kichwa wazi, kanga kiunoni, unamwiga mama mukwe wako anavyotembea, na anavyohesabu nyama kwenye sahani za wageni. Wanawake wako chini kwa kucheka. Dakika kumi na moja. Yule mama ndiye aliyemuzaa Faruk.

Nani atajua, eh?

Mudogo wako,
Asiya

Kigoma, 8 Novemba

Mudogo wangu, mutoto wa mama yangu,

Aleykum salaam, salaam nyingi sana. Niko jikoni na simu, mama mukwe yuko sebuleni anauliza kuna nini mbona chai haifiki. Nilisahau, wallahi. Miaka tisa! Nisamehe. Nilikutisha kwa camera na jina, kumbe mi ndiye wa kwanza uliyekuwa unamulinda.

Faruk nimemwambia asirudi. Akirudi, hata kama nimemutuma mi mwenyewe, usimufungulie. Na ile hina yangu usiifute, umesikia? Nakuja mwezi wa kwanza. Nataka kujiona nikicheza.

Dada yako,
Khadidja