Mteja Ni Mama Mkwe

Jumanne, 6 Mei

Umeme wa hapa Nyasho umekatika tena katikati ya kipindi cha mtandaoni. Nimehamia kwenye simu, bando likaisha mwalimu wetu, Dokta, akiwa anaeleza tofauti ya mteja na mtumiaji. Hiyo sehemu nimeikosa. Nitamuuliza Devota.

Mpaka sasa mradi unakwenda. Mimi ndiye meneja, Devota yuko Bunda anaandika programu. Mteja wetu ni kikundi cha wafugaji wanaopeleka maziwa kituo cha Kiabakari. Maziwa yakipimwa, ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye maziwa. Basi. Mwenyekiti wao, mzee Manyama, anaelewa haraka na anapenda kusikilizwa.

Mradi huu ndio somo la mwisho la shahada ya uzamili. Nikifeli narudia mwaka, na kazini wameshasema ruhusa za masomo zimeisha. Kwa hiyo nikifeli ndiyo basi. Naamka na hilo neno kila asubuhi kabla hata sijanawa uso.

Jumamosi, 10 Mei

Kikundi kimefanya uchaguzi. Mzee Manyama amepumzika, magoti yanamsumbua. Mwenyekiti mpya ni mama mkwe wangu.

Habari nimeipata kwa shemeji yangu Wambura, ambaye ndiye mpimaji pale kituoni. Mke wangu Mugesi amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sijacheka. Kwao Butiama mwanamume hakai chumba kimoja na mama wa mke wake. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Jina lake silitamki, na hapa siliandiki. Kwetu Suguti ni vilevile. Tangu nioe namfahamu kwa sauti na kwa mgongo. Tukikaribia kukutana njiani yeye anaingia shamba la mtu upande huu, mimi naingia la mtu upande ule.

Sasa huyo ndiye natakiwa kukaa naye kila wiki nimuulize anataka nini.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwandikia Dokta kuomba mteja mwingine. Amekataa, muda umepita. Amesisitiza kwamba siku ya makabidhiano anataka video. Meneja na mteja kwenye picha moja, mteja akitamka kwa mdomo wake kwamba ameipokea kazi au ameikataa. Bila hiyo hasahihishi kitu.

Dokta si mtu wa huku. Sijui kwao wanaishije na wakwe. Labda wanakula sahani moja.

Devota amejitolea aende yeye kwa mama. Haikubaliki, alama za kukaa na mteja ni zangu mimi. Nimemjibu vibaya bila sababu. Nina hasira na sijui ni ya nani.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata njia. Wambura. Mimi namuuliza yeye, yeye anamuuliza mama yake, jibu linarudi kwangu. Dokta ataona maswali na majibu, hataona njia yalimopita. Heshima inabaki mahali pake na mradi unaendelea.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi.

Jumamosi, 24 Mei

Majibu ya Wambura ni mafupi mno. Nikiuliza lolote, mama amesema sawa. Nilituma swali la nani apelekewe ujumbe maziwa yakipimwa. Likarudi jibu: mwenye boma. Nikamuuliza kama hayo ni maneno ya mama. Akasema hilo nalo si la kuuliza, boma lina mwenyewe.

Nimeandika hivyo. Devota amejenga hivyo. Kuna kitu kinanikereketa na sikioni ni kipi.

Ijumaa, 30 Mei

Majaribio yalianza jana jioni. Sikwenda, mama alikuwepo. Nimeshinda ofisini Musoma naangalia simu kama mtu anayesubiri habari za mgonjwa.

Jioni nimerudi nyumbani, mama akampigia Mugesi. Wameongea Kizanaki muda mrefu. Mugesi alipokata simu hakuwa na kicheko.

Wanawake wamegoma. Maziwa ya leo jioni wamerudi nayo nyumbani. Jana kila mama aliyepima, ujumbe ulikwenda kwa mume wake. Mzee mmoja alikuwa dukani na wenzake, simu ikalia, akajua pale pale mke wake anauza kiasi gani. Wamegombana mpaka majirani wakaingia. Mama ametangaza kwamba ujumbe ukibaki hivyo wanawake wanatoka kwenye kikundi na yeye anatoka nao.

Maziwa ya asubuhi ni ya mzee, ya jioni ni ya mama. Hata kwetu ni hivyo! Viatu vyangu vya shule vilitoka kwenye maziwa ya jioni. Nimekulia humo. Halafu nimemuuliza mwanamume jambo la akina mama, nikaridhika na jibu lake. Najiona mjinga kabisa.

Makabidhiano ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumapili, 1 Juni

Kanisani sijasikia hata somo moja. Nimewaza maziwa mwanzo hadi mwisho.

Mugesi ndiye amepata ufumbuzi. Chumba cha kupimia pale kituoni kina dirisha la juu upande wa nyuma. Mama akae ndani, mimi nje, ukuta katikati. Hatutaonana. Amempigia mama yake, nikitegemea atakataa. Mama amekubali kabla Mugesi hajamaliza kueleza. Anasema amengoja sana kuulizwa.

Hilo neno limenichoma.

Jumanne, 3 Juni

Kiabakari. Nimekaa juu ya dumu tupu, mgongo ukutani, kompyuta mapajani. Vumbi la barabarani lote limeishia kwangu. Wapita njia wananisalimia kwa huruma, wanadhani nimefukuzwa ndani.

Nimemwamkia kupitia dirishani. Ameitikia. Kisha akaongea yote kwa mkupuo.

"Baba Nyanjura, maziwa ya jioni ni yetu. Tulikuwaga tunapima, tunanunua chumvi, tunapeleka watoto shule, mzee haulizi na sisi hatusemi. Siyo kwamba tunaiba. Ni heshima yake na yetu. Sasa wewe umeleta kitu kinapiga kelele mfukoni mwa mzee."

Nikamwomba msamaha. Akasema nisiombe msamaha, niandike.

Nimeandika. Asubuhi na jioni zitengane. Kila mmoja ajulishwe kwa namba yake. Na kwa kuwa simu za akina mama hukaa bila chaji, kila mama achague mtu mmoja anayemwamini, ujumbe uende na kwake pia. Nilipouliza kama mtu huyo anaweza kuwa mume, akina mama waliokuwa naye ndani wamecheka wote. Sikuuliza tena.

Kwa muda mfupi nje ya ule ukuta nimepata zaidi ya wiki zote za Wambura.

Alhamisi, 5 Juni

Bunda, kwa Devota. Meza yake ya chakula imejaa nyaya. Amenigombeza tangu nilipoingia na sikujitetea. Tukiitenganisha jioni, asubuhi inaharibika. Tukirekebisha asubuhi, ujumbe unakwenda mara mbili.

Sili vizuri. Mguu unacheza chini ya meza wenyewe. Devota amenitoa nje nikatembee.

Nimetembea mpaka stendi na kurudi. Nilipofika imekubali.

Jumamosi, 7 Juni

Akina mama wamepima jana jioni. Hakuna simu ya mzee iliyolia.

Limebaki la video. Picha moja, watu wawili. Nimesimama uani kituoni. Nikawaza kumwambia Dokta ukweli nikose alama. Mugesi anakwenda ndani, anatoka, anarudi ndani.

Mwishowe mama ameamua mwenyewe. Amekuja mlangoni, uso ndani, kanga kichwani. Mimi nikasimama nje ya kizingiti nimeelekea barabarani. Migongo miwili, na hewa katikati. Mugesi akarekodi kutoka ubavuni. Nikauliza kama kikundi kinaipokea kazi.

"Tumeipokea," mama amesema. "Aliyeifanya aliuliza vibaya, akarudi akauliza vizuri."

Nimetuma hivyo hivyo bila kukata. 

Jumatano, 11 Juni

Dokta ameandika. Mstari mmoja. Anataka kujua kwa nini mimi na mteja tumegombana.

Nimekaa nao mchana mzima. Nimeandika maelezo marefu, nimefuta. Mwisho nimemjibu kwamba hatujagombana, yule ni mama wa mke wangu, na hivyo ndivyo mimi na yeye tunavyosimama tukiheshimiana. Nimemweleza na habari ya Wambura, bila kuficha. Akitaka kukata alama akate.



Jumatatu, 16 Juni

Dokta hajajibu. Nimefungua barua pepe mpaka Mugesi amenifichia simu. Kazini nimepiga kelele kwa mtu asiye na kosa. Nimechoka na mimi mwenyewe.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefaulu. Kwa sababu ya Wambura amekata alama, na ni haki yake. Pembeni ameandika kwamba mwakani atauliza kwanza mteja ni nani wa nani. Devota amepiga simu akilia, mimi nimeshindwa kulia. Mugesi amepika sato.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya mapumziko. Mtoto wetu Nyanjura amelala. Sina cha kusoma, mikono haijui ifanye nini.

Jioni simu yangu imelia. Ni ujumbe wa kituo. Nikadhani tumesahau kufuta namba yangu ya majaribio, nikampigia Devota. Ameangalia. Namba za majaribio zilishafutwa zote. Hii imeingizwa Ijumaa, kituoni kwa Wambura, mama akiwa amesimama hapo hapo. Kwa yule mtu mmoja wa kuaminiwa, akina mama wengine wamechagua dada zao na mabinti zao.

Maziwa ya jioni, lita nne, yamepokelewa. Mbele yake majina ya mama, yote mawili. Nimeyasoma bila kuyatamka, nikaweka simu mezani.