Barua za Shule Chini ya Godoro

Maman Viviane mupendwa, wewe mwenye kushauri bamama, unisaidie, woga inanimaliza, hata kula sili. Shule ya binti yangu Jémima, hapa Ganshoren kwa bazungu, imemupa attestation B, maana yake amepita lakini général, masomo yenye kupeleka université, imefungwa kwake, aende professionnel, shule ya ufundi, kushona nguo ao arudilie mwaka, na yeye anapenda kemia, anataka kuwa infirmière, muuguzi wa hospitali, tangu Jumanne iko analia tu. Directeur anangoja signature yangu vendredi, Ijumaa hii. Bwana yangu Hilaire anasema, « Weka signature, Bibiane, carte zetu za séjour, za ruhusa ya kukaa hapa, hazijatoka kwa ofisi ya commune, ukibishana na bazungu batatufukuza na batoto. » Na mimi naogopa vilevile. Lakini kuna kitu, maman, unihurumie: nafanya ménage, kazi ya nyumba, kwa madame Elise, mutoto wake Dries iko darasa moja na Jémima, nilikuwa napiga pasi shati zake nikaona bulletin yake ya matokeo juu ya meza, math hamsini na mbili kwa mia, Jémima wangu iko na hamsini na nane, na Dries amepewa A, kwake hakuna masomo imefungwa! Madame anaendaka kuongea na baprof kila trimestre. Mimi sikuenda hata siku moja. Kwetu Bukavu muzazi anaitwa shuleni wakati mutoto ameiba ao amepigana, donc kila barua ya réunion ya bazazi nilisema, Mungu wangu, amefanya nini, nikaificha chini ya godoro. Sasa bameandika kwenye bulletin yake « parents absents », bazazi hawaonekane. Ni mimi nimemuharibia?

Bibiane

Bibiane dada yangu, pole. Pole sana. Sasa nisikilize, juu nitakugombeza. Barua chini ya godoro! Hapa unachagua shule yenye unataka, État, serikali, inalipa, bon, lakini kisha kuchagua bazazi wenye kujua banaendelea kusukuma, na mutoto wa mwenye kunyamaza ndiye anapelekwa kushona. Elise anajua ile. Wewe hakuna muntu alikuambia. Alors, umeambiwa.

Vendredi usiweke signature. Directeur si polisi, carte yako haimuhusu. Mwambie Hilaire hivyo, na aje naye. Beba madaftari yote ya kemia. Jina la Dries lisitoke mudomoni mwako, utapoteza kazi bure na Jémima hatapata kitu. Sema tu: « Monsieur, munionyeshe kwa nini. » Akikataa, omba recours, baangalie tena uamuzi wao, sheria inakuruhusu, na uandike juma hiyohiyo. Ukitetemeka, tetemeka ukiwa kwenye kiti.

Sikuahidi A. Lakini kwa Elise unaingia kila asubuhi na ufunguo mukononi, na shule ya mutoto wako haujaingia hata mara moja. Vendredi ingia, na Jémima akuone.